Pigo la Nane

Mwalimu alipiga ngoma akiwa amefunga tai. Jua liwake, mvua inyeshe, stoo ya mazoezi ichemke kwa joto la mabati, tai iko pale pale shingoni, ya kahawia, imefungwa vizuri. Lakini mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Alivua kiatu kimoja, akakiweka kando ya kiti, kimepigwa rangi mpaka unajiona ndani, kisha akakanyaga ngoma kubwa kwa kisigino chake kikavu. Tulimcheka. Akatuambia, "Daktari anavaa koti, polisi anavaa kofia. Mimi nikivaa fulana mtasema nimekuja kucheza." Nasi tukazidi kucheka. Hicho ndicho kicheko cha kwanza ninachokionea haya, na kama kingekuwa cha pekee nisingejisumbua kuandika.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo siyajui na sikuuliza. Najua alikuwa mtu wa Bumula, upande wa Bungoma, na kwamba alikuwa amepanga chumba hapa Kitale nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Umri wake tulikisia tu. Shule hakuwahi kufundisha hata siku moja. Jina la Mwalimu alilipata kwa sababu ya chaki. Alitembea na chaki mfukoni kama wengine wanavyotembea na sigara, na ukuta wa stoo ya kinu tuliyofanyia mazoezi ulijaa namba zake: saba, saba, tano, saba, nne. Mwenye kinu aliwahi kuingia akauliza kama hizo ni deni za watu.

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Kulikuwa na mpiga gitaa, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi kwa sababu gitaa lilikuwa lake, spika zilikuwa zake, na mdomo pia alikuwa nao. Tulimwita Gitaa. Kulikuwa na Kinanda, kijana mpole aliyeuza vipuri vya baiskeli karibu na msikiti. Ijumaa tulimngoja atoke kuswali ndipo tuanze. Kulikuwa na Mwalimu. Na kulikuwa na mimi, msichana peke yangu, mpiga gitaa la besi. Jina langu likawa Besi. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu aliyetoka sehemu za kati za nchi na kununua ekari zake tano hapa Trans-Nzoia, aliamini kwamba kila Ijumaa na Jumamosi nilikuwa nafanya mazoezi ya nyimbo za sifa.

Haikuwa sifa. Kitale watu wanajua benga, wanajua rumba, wanajua kwaya. Sisi tulipiga roki, tena ile wanayoiita progresivu: wimbo mmoja dakika kumi na mbili, unaanza kwa upole, katikati unageuka, hesabu inahama kutoka nne kwenda saba, inapitia tano, halafu unarudi ulikotoka wakati wasikilizaji wameshaanza kuangaliana. Mwalimu aliiita "loki". Gitaa alimsahihisha mara mia, "Ni roki, Mzee, ro, ro." Naye akajibu mara mia, "Si ndio nasema, loki." Hakuona haya hata kidogo. Haya zote niliachiwa mimi.

Aliupenda muziki huo kwa njia ya ajabu. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga rumba hotelini, Bungoma, Kitale, mpaka Lwakhakha kule mpakani, ambako alisema watu wa pande zote mbili hucheza vibaya sawasawa. Kisha kuna familia ilikuwa inahama, ikauza vyombo vya nyumba barabarani. Mwalimu akanunua redio ya kaseti, na kaseti zikaja kama nyongeza, katoni nzima. Akaenda nyumbani, akaweka moja. Wimbo ukaanza vizuri, halafu akasikia redio imemeza pigo. Ikaendelea, ikameza tena. Asubuhi akaipeleka kwa fundi wa redio. "Nilimwambia hii kitu inameza pigo moja kila saa," alitusimulia. "Fundi akafungua, akapiga brashi, akasema hakuna kitu. Nikaleta redio ya jirani. Ikameza pale pale! Ndio nikajua si redio imeharibika. Ni mimi."

Alikaa wiki nzima akihesabu kwa punje za maharagwe mezani. Mwishowe akapata saba. Alisema alipoipata alisimama akapiga makofi peke yake chumbani, jirani akagonga kuuliza kama kuna mgeni.

Mtu akitaka kujua ni nini kinachomfanya mtu kuwa mpiga ngoma mkubwa wa muziki huo, atasikia habari za kasi, za nguvu, za ngoma ishirini zilizomzunguka mtu kama ngome. Mwalimu alikuwa na ngoma nne na matoazi mawili, moja lina ufa. Kasi alikuwa nayo lakini aliitumia kama chumvi. "Mikono ni wezi," alisema. "Kila saa inataka kuchukua kitu. Mguu ndio mwenye nyumba." Ukimwuliza kwa nini hapigi pale katikati ambapo gitaa linalia, alishangaa: "Gitaa linaongea. Mimi nimkate kwa nini? Sina adabu?"

Tena alikuwa na mtihani wake. Nje ya stoo kulikuwa na mama aliyeuza chai na mandazi kwa watu wa kinu. Mama huyo hakujua roki wala progresivu, na alisema wazi kwamba kelele zetu zinafukuza wateja. Mwalimu alimtazama kupitia dirishani kila tulipopiga wimbo mpya. Mama akiendelea kukaanga kama kawaida, wimbo haujaiva. Siku bega lake lilipoanza kwenda lenyewe, huku akigeuza mandazi, Mwalimu alitabasamu mpaka masikioni. "Ukiona mtu anahesabu kwa vidole, umemtesa," alisema. "Saba inatakiwa iingie kwa bega ya mama na asijue ni saba." Nimesikia wapiga ngoma wengi tangu hapo, wengine kwenye simu, mabingwa wa dunia. Wachache wangefaulu mtihani wa mama wa chai.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri subira, lakini chai ikiletwa aliinywa ikiwa inachemka, akajichoma ulimi, akailaumu chai. Alisema mpiga ngoma mzuri hasikiki, halafu mkimaliza kupiga mahali alikuwa wa mwisho kutoka, akisimama mlangoni na tai yake ili watu wampe mkono. Alipenda kupigiwa makofi, jamani! Makofi yakiwa hafifu alinyamaza njia nzima. Alimrushia Gitaa chaki mara mbili. Na ule mwaka wa tohara, mwezi wa nane, tulipokuwa Bungoma mjini kununua nyaya za gitaa na kundi la vijana wanaokwenda kutahiriwa likapita barabarani na kengele zao mikononi, wakiimba na kukimbia, Mwalimu aliyekuwa akikataa kupiga ngoma za sherehe yoyote alisimama katikati ya barabara machozi yakamtoka. Pikipiki zikampigia honi. "Hawa hawajui kuhesabu," aliniambia, "na hakuna mmoja amepotea."

Kunipokea kwenye bendi kulikuwa ugomvi. Gitaa hakutaka. Alisema wasichana huolewa katikati ya mazoezi. Alisema vidole vyangu vidogo. Mwalimu akasema, "Asipopiga yeye, mimi pia nina kazi nyumbani." Ni uongo, hakuwa na kazi yoyote nyumbani. Basi nikaingia, na Gitaa akaniambia mbele ya wote, "Sawa. Lakini ukiharibu mara moja, unatoka." Nataka neno hilo likumbukwe, si kwa kujitetea, maana hakuna utetezi. Nalitaja ili mjue nilikuwa naogopa nini.

Kunifundisha saba kulimchosha. Mikono yangu ilikuwa ya kanisani, ilijua nne tu, makofi ya nne tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Alijaribu namba nikashindwa. Mwishowe akauliza, "Nyinyi si mnapanda mahindi? Basi panda." Akaandika ukutani kwa chaki: chimba, mbolea, udongo, mbegu, mbegu, funika, songa. Kila neno pigo moja, saba, kisha shimo linalofuata. Siku hiyo hiyo nikaielewa. Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikichimba mashimo hewani.

Ila kulikuwa na tatizo. Kwetu, ukishafunika mbegu unaikanyaga kwa kisigino, mara moja, ili kunguru wasifukue. Baba alitufundisha hivyo kwa kiboko. Kwa hiyo nikisahau kidogo, nikiwa na wasiwasi, mkono wangu uliongeza: funika, kanyaga, songa. Pigo la nane. Bendi nzima ilikuwa inagongana kwa sababu ya kisigino cha baba yangu. Mwalimu alishangaa kusikia kuna watu wanakanyaga. "Kwetu Bumula tunafunika tu. Unakanyaga mbegu kwa nini? Imekukosea nini?" Tukabishana habari za kilimo mpaka Kinanda akachelewa dukani.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo lililomfanya awe yeye, maana bila hilo hamtaelewa nilichomfanyia.

Siku moja ya Ramadhani, Kinanda alikuwa amefunga, jua limemmaliza, tukiwa katikati ya wimbo akapotea. Alikuwa anapiga vizuri tu, lakini mahali pengine kabisa, pigo moja nyuma yetu. Mimi nilisikia nikaganda. Gitaa alianza kumkodolea macho. Mwalimu hakumtazama mtu. Aliacha pale alipokuwa na sisi, akaenda nyuma mpaka alipokuwa Kinanda, akapiga naye raundi moja kana kwamba huko ndiko wimbo ulikokuwa siku zote, kisha kwa mguu wake ule mtupu akafupisha kidogo, akamrudisha. Sisi tulikuwa tumezoea kumfuata yeye, tukamfuata. Raundi mbili tu, na wote tukawa nyumbani. Bega la mama wa chai halikusimama.

Nilimwuliza baadaye. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

"Mwalimu, si ungemngoja tu arudi mwenyewe?"

"Aliyepotea atarudi vipi, mama? Hajui amepotea."

"Lakini ukimfuata, watu wanaweza kudhani ni wewe umepotea."

"Wadhani." Akavuta kamba. "Mpiga ngoma anakaa nyuma kwa nini? Ndio aone wote. Mtu akipotea hapigiwi kelele, anafuatwa. Lakini na yeye akae pale nimkute. Asikimbie. Akikimbia tutapishana njiani."

Nilisikia kila neno. Siwezi kusema sikuambiwa.

Basi ikaja ile Jumapili ya ukumbi. Gitaa alikuwa amepata mtu wa kutoka Nairobi aliyekuwa anatafuta bendi za kupeleka huko kupiga kwenye tamasha, na mtu huyo alikubali kuja Kitale kutusikiliza. Ukumbi ukajaa, wengi wakiwa wamekuja kwa sababu hakukuwa na kiingilio. Mwalimu alikuwa na tai mpya, ya bluu. Aliwahi saa moja kabla ya wote, na nilipofika nilimkuta ameketi jukwaani anasikiliza ukumbi mtupu. Kwenye kiti chake alikuwa amekunja gunia ambalo siku zote alilikalia akipiga. "Leo watatupigia makofi," aliniambia, macho yakimng'aa kama mtoto wa sikukuu.

Wimbo wa tatu ndio uliokuwa mrefu. Tukaingia saba vizuri. Chimba, mbolea, udongo. Mtu wa Nairobi alikuwa mstari wa mbele anatikisa kichwa, na Gitaa alikuwa amemgeukia yeye tu, amefumba macho, ametupa mgongo. Ndipo nikainua uso nikamwona baba yangu mlangoni.

Nani alimwambia, sijui mpaka leo. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, kofia ameishika mkononi, ananitazama. Si kwa hasira. Ananitazama tu. Na mkono wangu ukafanya ulichofundishwa na baba: funika, kanyaga, songa.

Nilijua hapo hapo. Nilikuwa pigo moja nyuma ya wote, besi inanguruma peke yake. Na kabla jasho halijanitoka, nikasikia ngoma ya mguu inakuja. Mwalimu alikuwa ameacha wimbo kwa wenzangu akanifuata. Alinifikia. Tukapiga pamoja nusu raundi, mimi na yeye, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine, na niliisikia ile ngoma ikiniambia wazi kabisa, kaa hapa, usiende, nakuja kukurudisha.

Nikakimbia.

Nilimsikia Gitaa mbele, yuko kule kwenye wimbo na sauti kubwa, Kinanda amemng'ang'ania, nikakata pigo moja nikarukia kwake. Gitaa, Kinanda na mimi, watu watatu pamoja, tumepatana vizuri kabisa. Na ngoma ikabaki nyuma peke yake, inangoja. Hata mtu asiyejua muziki aliweza kusikia ni nani amepotea. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mzee amelewa!" Mtu ambaye hata soda aliichanganya na maji. Gitaa akageuka, akaacha kupiga, wimbo ukafa pale pale. Mtu wa Nairobi alikuwa anaangalia simu yake.

Mwalimu alisimama, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akashika tai yake, akaambia ukumbi, "Poleni, wandugu. Ni ngoma. Ngoma imeteleza."

Nyuma ya jukwaa Gitaa alimtukana. Sitayarudia maneno yale, lakini yalikuwa mengi na yeye alikuwa mzee wa kumzaa. Mwalimu alinitazama mara moja. Mara moja tu, tena bila lawama, kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza. Ilikuwa zamu yangu ya kusema. Unajua nilifanya nini? Nilikunja waya wa gitaa. Niliukunja vizuri, nikaona haukukaa sawa, nikaukunjua, nikaukunja tena. Niliukunja mara tatu mpaka akaondoka. Gunia lake lilibaki kwenye kiti.

Kesho yake Gitaa akatuita mimi na Kinanda. "Mzee ameisha," alisema. "Mikono yake inatetemeka siku hizi, hamjaona?" Kinanda alisema yeye hajaona. Gitaa akanigeukia. "Wewe Besi, si unakaa karibu na yeye? Haitetemeki?"

Nikasema, "Kidogo."

Kidogo! Mikono ile iliyokuwa inaweza kubeba kikombe cha chai kilichojaa pomoni kutoka nje mpaka ndani bila kumwaga tone. Neno moja. Nimelibeba miaka yote, na kila nikilikumbuka nikiwa njiani nasema "aah" kwa sauti mpaka watu wanageuka.

Gitaa akasema, "Basi wewe ndiye unajua hesabu zake. Kalia ngoma. Besi tutatafuta mtu."

Nikakalia. Juu ya gunia lake. Ndivyo nilivyokuwa mpiga ngoma. Mwalimu alihama chumba chake mwezi huo huo. Mama wa chai aliniambia amerudi kwao, tena aliniambia bila kunitazama, na tangu siku hiyo bega lake sikuliona tena likitikisika.

Bendi haikudumu. Gitaa sasa anauza vifaa vya sola Tongaren, Kinanda ana duka lake mwenyewe. Mimi niliendelea. Harusi, makanisa, mikutano, baba mwenyewe mwishowe alizoea na sasa anajivuna. Watoto wa watu huletwa kwangu niwafundishe, na wananiita Mwalimu. Mara ya kwanza nilipoitwa hivyo niliangalia nyuma nione nani ameingia. Mwaka juzi nilialikwa redioni, mtangazaji akaniuliza, "Na ni nani alikufundisha ngoma, dada?" Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenitishia chochote, Gitaa hakuwepo, baba hakuwa mlangoni. Nikacheka kidogo nikasema, "Aai, nilijifunza mwenyewe tu, kwenye simu."

Mwezi uliopita nilienda Bumula. Msiniulize kilichonisukuma, nilikuwa nikimfundisha mwanafunzi mmoja saba, nikamwandikia ukutani chimba, mbolea, udongo, akauliza nani alitunga hiyo, nikashindwa kumdanganya nikashindwa kumwambia. Jumamosi yake nikapanda gari la Bungoma na gunia limekunjwa ndani ya mkoba.

Haikuwa kazi kumpata. Nilimuulizia mzee mwenye tai. Nilimkuta kwenye kibanda kidogo cha kuuza kamba na mbegu, ameketi, ungo wa maharagwe magotini, anachagua mabovu. Tai ya bluu. Mguu wa kulia mtupu.

"Mulembe, Mwalimu," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

Alinitazama kitambo. "Besi," akasema. Hakuna anayeniita hivyo siku hizi. "Kalia hiyo ndoo. Umekonda, ama ni macho yangu?"

Nikampa gunia. Akaligeuza, akalirudisha magotini mwangu. "Hii umekalia wewe kuliko mimi. Kaa nayo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. Nikasema, "Mwalimu, siku ile ya ukumbi ni mimi. Ni mimi nilikanyaga."

"Najua. Si nilikufuata? Mtu atafuata mtu na hajui amepotea?" Akatupa haragwe moja bovu. "Kitu moja ndio sikuelewa. Nilifika pale ulikuwa, nikageuka, hauko. Nikasema labda anakuja. Nikangoja raundi mbili."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nisamehe, nikasema niliogopa kufukuzwa, nikasema habari ya mikono, lile neno "kidogo", nikasema ya redio. Nililia kama mtu aliyefiwa, wateja wawili wakaghairi wakapita.

"Hiyo ya redio niliisikia," akasema. "Nilikuwa nimeita majirani wakuje wasikize." Vidole vyake vikaendelea na maharagwe, na nikaona vinakwenda kwa saba. "Lakini Besi, umeniambia mimi. Mimi si nilikuwa najua? Hao wengine umewaambia?"

"Bado."

"Simu haina chaji?"

Ilikuwa na chaji. Nikaitoa, nikampigia Gitaa, nikaweka sauti ya nje ili Mwalimu asikie mwenyewe. Ikaita mara nne.

"Niaje, Mwalimu!" Gitaa alipokea kwa kelele, na mtu aliyekuwa mbele yangu akainua kichwa, kisha akaelewa kwamba si yeye aliyeitwa. "Umepotea sana bana! Sema!"

Nikamwambia. Siku ya ukumbi, wimbo wa tatu, mzee hakupotea, mimi ndiye niliyepotea akanifuata, halafu nikamwacha. Na mikono yake haikuwa inatetemeka, nilisema uongo.

Kisha Gitaa akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu mwenye wateja dukani. "Ai, ndio hiyo tu? Ulinishtua, nilidhani kuna msiba. Wacha hizo bana, hiyo ni stori ya kitambo sana. Ati ukumbi! Nani bado anakumbuka hiyo?"

Mwalimu aliweka ungo chini. Akainua mkono wake juu, taratibu, kama mwanafunzi anayejua jibu, akaushikilia pale hewani mbele ya simu isiyoweza kumwona.

Niliutazama muda mrefu. Haukutetemeka.